Dada Mina na Jua Alilolikosa

Dada yetu Wilhelmina Nkwabi, tuliyemleta leo hapa Kayenze kumzika, alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa kwanza wa Mzee Nkwabi na Mama Kashindye. Mimi ninayesoma ni Justa, mdogo wake wa mwisho. Mnivumilie, nimechoka.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaitwa nyumbani kunilea mimi. Mwaka 1966 alifunga ndoa na Antoni Chenge, fundi seremala wa Buzuruga, wakajaliwa Pius na Gladness. Shemeji alitutangulia mwaka 1990.

Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa mchangani. Kukaa bure hakukujua. Akimkuta mtu anaota jua, humuuliza, "Kwani wewe ni dagaa?" Mwaka 1993, viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa mjini, alipata ajira katika kimojawapo, na sote tulifurahi kwamba sasa ana mshahara. Aliingia alfajiri na kutoka giza limeshaingia. Kutwa nzima alikuwa ndani ya ukumbi wa baridi usio na dirisha, kajifunika kwa koti, barakoa na mabuti. Jumapili alilala tu.

Mwaka 1997 miguu ilianza kumuuma, akaacha kiwanda, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Kisha akaanza kusahau: kwanza chumvi kwenye mboga, halafu njia ya kurudi kwake Kiseke, halafu sisi. Asubuhi moja aliniona mlangoni akaniamkia, "Shikamoo, mama." Mtu aliyenibeba mgongoni. Nilijibu marahaba, ningefanyaje?

Daktari alisema mifupa imelegea kwa upungufu wa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ukipata jua. Nikamuuliza, na kichwa je? Akasema, "Wapo wanaodhani hata ubongo unaihitaji. Mimi siwezi kukuahidi, mama. Mtoe nje."

Majirani walisema kuna mkono wa mtu. Sikuwa na nguvu za kubishana. Ila dada alikataa kukaa juani, eti ana kazi. Basi nikanunua dagaa, nikawatandaza kwenye turubai uani, nikamwambia kunguru watawamaliza. Akatoka mwenyewe. Kila asubuhi alikaa pale akiwageuza, na dagaa wakikauka nawaloweka, kesho nawaanika tena. Nyumba ilinuka mpaka tukazoea.

Miguu ilipata nafuu, akaacha ukuta. Kichwa hakikurudi. Nilichokuwa nangoja ni aniite Justa, hata mara moja.

Alipata nimonia, akafariki Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1999. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa bado ananiuliza kama dagaa wamegeuzwa, na akaniita mama.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mimi.

Salamu zote ulizonipa hazikuwa zangu, dada. Leo nakurudishia. Shikamoo, dada Mina. Mungu akupumzishe panapo jua.