Suruali Iliyompotea Shangazi

Baada ya miaka thelathini na sita ya kufua, kuanika na kupiga pasi, mkuu wa chumba cha dobi katika uwanja wetu wa kriketi anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sote tunamwita Shangazi, kuanzia mwenyekiti hadi mlinzi wa geti, na yeyote aliyewahi kumpelekea soksi zilizojaa nyasi anajua kwamba shangazi si wa kubembeleza tu.

Alianza na karai na sabuni ya mche nyuma ya jukwaa kuu. Mashine ilipokuja aliiita mkwe: inapokelewa kwa heshima, lakini haiachiwi nyumba. Doa la mpira mwekundu amelisugua kwa mkono hadi wiki hii. Timu mbili zikicheza hapa, nguo nyeupe za wenyeji na za wageni zote hupita kwake, na kwa miaka yote hiyo hajapoteza hata soksi. Amepoteza suruali moja tu. Ndiyo iliyonifanya mimi, nahodha wa zamani ambaye sasa hata kalamu inanilemea, nimwombe katibu aniachie wasifu huu.

Vijana hawaukumbuki mfululizo wa mechi tano dhidi ya timu ya taifa ya majirani zetu, watu ambao hatupendi watushinde hata kwa karata. Walikuja, wakatupiga mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na hakuna hata moja iliyofika jioni. Watazamaji wetu walikuwa wakienda zao kabla chai ya mapumziko haijachemka. Wageni walifika mahali wakatuuliza, kwa upole kabisa, kama tungependa wacheze kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ya mechi ya tano tulikuta nguo zetu kabatini hazijafuliwa. Zilikuwa zimepigwa pasi tu. Nikaenda chumba cha dobi nimefura. Shangazi hakuinua hata uso. "Nifue nini, mwanangu? Magoti meupe kama ya bwana harusi! Hizi zilikwenda matembezini." Kisha akachomoa suruali ya mgeni kutoka kwenye rundo, magoti ya kijani kwa nyasi, paja jekundu kwa kusugulia mpira. "Hawa ndio walionichubua vidole. Wanashinda na bado wanajitupa chini. Nyie mnashindwa mmesimama wima."

Akaja kuitundika suruali ile kwenye ndoano yangu, katikati ya chumba cha kubadilishia nguo, akaondoka. Mrushaji wetu wa kasi, ambaye mdomo wake ulikuwa na kasi zaidi, aliitazama, akayatazama magoti yake mwenyewe, akainama kufunga viatu.

Siku hiyo tulijitupa. Tulijitupa hata mahali ambapo mpira haukuwapo. Tulishindwa, ndiyo, tano kwa sifuri, na hakuna sabuni ya kuitoa hiyo. Lakini wageni walizivuka mbio zetu kwa mpira wa mwisho wa siku, na wachache waliobaki jukwaani walisimama kutupigia makofi. Jioni Shangazi alipoliona rundo la nguo zetu alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Haya! Sasa mmenipa kazi!" Tangu hapo kila mchezaji mpya hukaguliwa magoti na Shangazi kabla ya kukaguliwa na kocha.

Magazeti yaliandika kwamba nahodha alitoa hotuba iliyoiamsha timu. Nimealikwa kwenye karamu nyingi kwa ajili ya hotuba hiyo, na kibao cha shaba kimewekwa mlangoni kuisifu. Haikuwapo hotuba yoyote. Palikuwa na suruali chafu na mwanamke mwenye kazi nyingi. Nilinyamaza kwa sababu sifa ni tamu, na sitaki kuondoka duniani nikiwa bado nimeishika ya mwenzangu. Nimemwomba fundi akibandue kibao. Ndoano ibaki.

Na suruali iliyopotea ni yangu, ya mechi ile ya tano. Niliificha begini nikaenda nayo nyumbani, maana ilikuwa nguo ya kwanza niliyoichafua kwa haki. Shangazi ameitafuta miaka yote. Aliwashuku wageni, akamshuku mlinzi, akasukuma mashine achungulie nyuma yake, na kila akisifiwa hujibu, "Isipokuwa ile moja." Shangazi, nisamehe. Hukuwahi kupoteza kitu.

Miguu hainifikishi tena ukumbini kwenye sherehe ya kukuaga, kwa hiyo Ijumaa mjukuu wangu atakuletea kifurushi. Nyasi bado zinaonekana magotini. Kwa niaba ya wote uliotuvisha, na wote uliotuaibisha tukapona, ahsante. Kapumzike salama, uishi kwa raha, vaa upendacho, na kikichafuka mwachie mwingine. Hiyo ya kwenye kifurushi tu, tafadhali, usiifue.