Doña Rubiela na Hogao ya Jikoni Kwangu

Salamu kwenu wa mapokezi, salamu wa uhasibu, salamu mafundi wa programu wa ghorofa ya tatu mnaoacha vikombe madirishani, salamu Don Evelio wa getini, na goti lako lipone. Nyumbani hatujambo: mimi, binti yangu Yurany na bibi yake.

Tarehe 28 Novemba Doña Rubiela Arbeláez anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuandika programu hapa Medellín. Nimeombwa niandike mimi, Nohemy wa kahawa, kwa kuwa ndimi ninayemfuata kwa miaka ya kazi. Nitasema kweli, hata pale wivu unaponikaba.

Alianza akiwa mwanamke pekee katika chumba cha wanaume kumi na wawili. Programu ya miadi inayotumiwa na zahanati arobaini ni kazi ya mkono wake. Kahawa yake haina sukari, na kikombe hurudisha mwenyewe.

Miaka minne iliyopita Yurany aliajiriwa, akawekwa chini yake. Siku ya tatu tu Doña Rubiela akamwita "mwanangu". Tangu hapo mezani kwangu ni Doña Rubiela kasema hivi, Doña Rubiela kasema vile, na supu inapoa.

Kisha ikaja Jumatatu ile ya miadi ya dharura. Katika kazi yao kuna klasi ya mzazi, yaani kiolezo chenye mambo ya kila miadi: jina la mgonjwa, siku, saa. Klasi ya mtoto hurithi hayo. Ila mtoto akiandikiwa mwanzo wake mwenyewe, lazima humo amwite mzazi aanze kazi kwanza. Yurany, akiandika klasi ya miadi ya dharura, hakumwita. Miadi ikatokea kwenye skrini na alama nyekundu ya dharura, bila jina wala saa, na watu wa zahanati wamekaa wanatazama. Mwanangu akakimbilia chooni kulia. Nikaweka sinia chini nikamfuata. Nikakuta Doña Rubiela ameshamkumbatia. Hilo sijalisahau.

Mwezi uliopita Yurany alikuwa akifundisha waajiriwa wapya, nami nikaingia na kahawa.

"Maharage ya mama huanza na hogao, yaani nyanya na kitunguu vya kukaanga," anasema. "Nikipika yangu, kwanza namwita mama atie hogao yake. Halafu ndipo naongeza ndizi mbichi. Ukimruka mama, umechemsha maharage tu!"

Wakacheka. Doña Rubiela alikuwa amesimama mlangoni; nikamwuliza mtoto kayatoa wapi hayo.

"Chooni, siku ile. Nilimweleza kitaalamu, hakuelewa. Nikamwuliza, mama yako hupikaje? Usininunie, Nohemy. Somo ni la jikoni kwako."

Nilinuna kidogo hata hivyo.

Asante, Doña Rubiela. Jumatatu Yurany anakalia kiti chako, na mimi usingizi umenipaa. Akikupigia kuhusu programu, mpokee. Kumwuliza kama amekula, niachie mimi. Uishi kwa afya na raha huko Jericó, na ukifika tu utuandikie upesi, maana yeye atakuwa anauliza, na mimi pia.