Waliokatazwa Kutajwa

"Usinichanganyie, Mama Shakila," Sixbert alimkatiza jirani yake ndani ya bajaji ya kwenda Bombambili. "Utenzi ule unaoulinganisha na riwaya yangu ni wa kale, mfalme anakataza mashujaa waliokufa wasililiwe. Riwaya yangu ni ya miaka ijayo, serikali inafuta majina ya wafu."

"Kote watu wanaogopa kumtaja marehemu. Kama wewe, shemeji."

Tangu wamzike mkewe, Dorine, Sixbert hakuwahi kulitamka jina lile. Dereva, aliyekuwa akichangia mazungumzo bila kuulizwa, alijifanya anatazama barabara.

Bajaji ikasimama kwa Mama Shakila. "Shuka ule. Kuna ugali na dagaa."

"Dorine hakupenda dagaa," Sixbert alisema taratibu.

Mama Shakila alimshika mkono. "Ingia, utanisimulia tukila."