Herufi Moja Katika Simu ya Dzombo

Wazee shikamooni, mchungaji na waombolezaji wote poleni, mimi ni Owen Mramba, mtoto wa kaka wa marehemu, na kabla mtu hajanong'ona kwa nini historia hii imepewa aliyeacha shule darasa la saba ilhali wenye digrii wamejaa pale hemani na tai zao, jibu ni kwamba mjane mwenyewe, mama mdogo Ndinda, ndiye aliyeninyooshea kidole, kwa kuwa katika ukoo huu mzima hakuna wa kunishinda kuzungumza kwa mikono, na simu mnayoiona mapajani mwake inamwandikia kila neno ninalosema, basi anayekohoa akohoe kwa adabu.

Marehemu Dzombo Mwaro alizaliwa tarehe 14 Juni 1979 hapa Tezo, akasikia vizuri, tena akawa mtoto wa kuimba hadi majirani wakalalamika, mpaka Agosti 1987 alipougua homa ya uti wa mgongo, akapona yeye, masikio yasipone. Alisoma shule ya viziwi huko Kilifi kuanzia mwaka 1989 hadi 1997, na Februari 1999 akaajiriwa kwenye mashamba ya chumvi Marereni, ambako viziwi wenzake walimpa jina lake la ishara, vidole vikisuguana kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye mboga, nalo jina hilo lishikeni, nitawadai mwishoni.

Tarehe 2 Desemba 2006 alifunga ndoa kanisani Malindi na Ndinda, kiziwi mwenzake, wakajaliwa Cynthia mwaka 2008 na Kabibi mwaka 2013, nayo ilikuwa ndoa ya amani kuliko zenu nyingi, maana waligombana kwa mikono, na taa ikizimwa ugomvi umekwisha.

Mwaka 2021 marehemu alipata simu hii inayogeuza maneno kuwa maandishi, na kwa mara ya kwanza akafuata mahubiri mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba miaka yote alidhani mchungaji anasema mambo mazito zaidi, samahani mchungaji. Simu yenyewe ilifunzwa Kiswahili mahali ambapo inaonekana hapakuwa na Mgiriama hata mmoja, ukitamka Dzombo inaandika chombo, hata sasa mama mdogo anasoma kwamba tunamzika Chombo Mwaro, naye marehemu alizijua kasoro zake, akazicheka, akanitania kwamba yeye ni chombo na mimi ni kelele.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa naomba utulivu. Tangu mwaka 2023 marehemu alikuwa na kisukari, na Februari mwaka huu wa 2025 kidonda cha mguu wa kushoto kikaharibika, akalazwa tarehe 27. Tarehe mosi Machi daktari, akiwa amevaa barakoa, alisema, "Inabidi tukate mguu," na simu ikaandika, "Inabidi tukatae mguu." Kwa herufi hiyo moja, tangu siku ya msiba inasemwa hapa uani kwamba simu ilimdanganya kiziwi, akakataa, akafa, na jana jioni kikao kiliamua simu hiyo ifuatane naye kaburini.

Baba yangu Mramba, shikamoo, najua utataka kuinuka, nakuomba ukae.

Marehemu hakukataa. Aliposoma maneno yale alitikisa kichwa akicheka, kwa sababu alijua simu imekosea tena, ni nani anayekataa mguu wake mwenyewe, kisha akaonyesha mikono yake miwili, maana yake aletewe mtu wa ishara. Mama mdogo alikuwa pale akaona. Lakini aliyesimama kando ya kitanda akamwambia daktari, "Ameshakataa, si umemwona anatikisa kichwa?" Daktari alirudi mara mbili kuuliza, na mara zote mbili akajibiwa na mwenye kusikia. Mimi nilikuwa Lamu kikazi, nikarudi tarehe 5, nikamuuliza kwa mikono, akajibu upesi, "Wakate, nina watoto," na kesho yake wakakata, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, akatutoka alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Machi.

Usiku ule wa tarehe 5 aliniambia maneno ambayo sikutaka kuyabeba peke yangu: simu imekosea herufi, kaka yangu amekosea mtu. Kisha akaongeza, tafadhali lisikike na hili, kwamba Mramba hakufanya kwa ubaya, alihofia ndugu yake atazikwa nusu, na kwamba amemsamehe. Baba, amekusamehe kabla hujaombwa, lakini simu haiingii kaburini, itabaki hapo mapajani ilipo, kwa sababu siku itakapozikwa, mama huyu naye ataanza kujibiwa na wenye kusikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyevua barakoa siku za mwisho ili midomo yake isomeke, majirani wa Tezo waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wa chumvi wa Marereni waliokuja lori zima, na viziwi wa Malindi walioketi safu ya mbele na ambao ndio pekee walionyamaza nilipoomba utulivu.

Mwisho, nalidai lile jina. Mtakapofika kaburini na kuchukua udongo, msiutupe kwa kiganja, usugueni kwa vidole, taratibu, kama mnanyunyiza chumvi, na kila mmoja wenu, hata asiyejua ishara moja, atakuwa amemwita Dzombo kwa jina lake, kwa lugha yake, bila kukosea hata herufi.

Lala kwa amani, baba mdogo.