Wifi Aliyesema Nne

Ndugu waombolezaji, mimi ni wifi yake marehemu, nimepewa kusoma kwa kuwa wenzangu sauti zimewakauka kwa kulia, na yangu mnaijua, haikauki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni, kisha chuo cha takwimu alikomaliza 1984, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika ofisi ya kutathmini miradi, akadumu hapo hadi alipostaafu 2021.

Kazi yenyewe alinieleza kuwa ni kupima kama mradi umewafaa watu, kwanza kwa dodoso, yale maswali ya kujaza namba, halafu anafunika kalamu, anakaa na kina mama, anauliza namba hizo zimetoka wapi, nami nikamwambia, wifi, huo ni umbea wenye mshahara, akasema ndiyo, ila wangu una sampuli. Kuna zahanati ilitaka kufungwa kwa kuwa hesabu zilionyesha wajawazito hawaji, yeye akakaa nao bombani, kumbe wanakimbia mdomo wa mkunga mmoja, mkunga akahamishwa, zahanati ipo hadi leo.

Aliolewa na kaka yangu tarehe 3 Desemba 1988, nilipinga, nikashindwa, wakajaliwa pacha mwaka 1990 na kitinda mimba 1995.

Mwezi Machi mwaka jana alianza kuumwa tumbo, daktari akamwuliza, kati ya sifuri na kumi, maumivu ni ngapi, akasema nne, akapewa vidonge, na kila aliporudi alisema nne, hata mwezi Septemba nikamkuta sakafuni amekumbatia mto. Nikamwuliza, hiyo nne yako ikoje, akasema kumi yake ilikuwa siku ya kuwazaa pacha, hii haijafika hata nusu, ila chakula hakipiti, na usiku analala ameketi. Nikamwambia, wewe wa kazi hiyo, mbona hukumweleza, akajibu, hakuniuliza, wifi, nami nimechoka. Kesho yake nilimpeleka, nikayasema yote mimi, wakampima upya, saratani ilikuwa imeshasambaa, akafariki Jumanne tarehe 10 Februari, saa tatu asubuhi, kaka akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru wauguzi, na daktari wake, namwona pale nyuma, karibu mbele mwanangu, hatuna kinyongo, na majirani waliopokezana kumgeuza, na wenzake wa ofisini walioleta viti. Pacha wananiuliza, shangazi, angeulizwa vizuri mapema angepona, na mimi sijui, mwenye kujua kupima jambo kama hilo ndiye huyu tunayemzika.

Haya, wifi, pumzika, amani iwe nawe, umechoka, na sisi tumechoka.