Orodha ya Wapiga Kelele

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

KIRANJA: Shikamoo, dada. Ni mimi.

DADA: Mimi nani? Kila mtu ni mimi.

KIRANJA: Mdogo wako.

DADA: Aa, Kiranja! Marahaba. Namba hii ya nani?

KIRANJA: Ya mlinzi wa bweni. Yangu ukiiona hupokei.

DADA: Niko bize, bwana. Hata sasa nimetoka kikaoni. Kamati ya kuwapokea wanafunzi wapya, na mwenyekiti ndiye mimi. Sema upesi.

KIRANJA: Ni ile kazi ya kundi. Mhadhiri anataka watu watano watano, majina yafike ofisini kwake kabla ya saa kumi. Asiye na kundi anapata sifuri, somo analirudia mwakani.

DADA: Basi si uingie kundini! Hilo nalo la kunitoa kikaoni?

KIRANJA: Hawanitaki.

DADA: Nani hawakutaki?

KIRANJA: Wote. Nimezunguka tangu asubuhi. Kundi la mwisho wako wanne, wakaniambia nafasi ya tano wamemwekea mgonjwa.

DADA: Mgonjwa gani?

KIRANJA: Hakuna mgonjwa.

DADA: [anacheka] Makubwa! Ni ile orodha yako, si ndiyo?

KIRANJA: Labda—

DADA: Labda nini! Mhadhiri katoka nje kupokea simu, watu wazima na ndevu zao wanapiga soga, wewe unashika kalamu unaandika majina ya wapiga kelele! Usiowajua unaandika "mwenye kofia nyekundu"! Halafu unampelekea mhadhiri! Nani alikutuma?

KIRANJA: Shuleni ndivyo tulivyo—

DADA: Shuleni, shuleni! Shule imekwisha! Huku hakuna kengele, hakuna mstari wa asubuhi, hakuna wa kukutoa kitandani. Jogoo wa shamba hawiki mjini, mdogo wangu. Ulikuwa mkubwa wa watoto, ukajiona na wewe—

KIRANJA: Hakuisoma.

DADA: Nani?

KIRANJA: Mhadhiri. Aliikunja akaitia mfukoni, akaniambia nikakae. [mtandao unakwaruza] …aliyejua.

DADA: Unakatika! Nani alijua?

KIRANJA: Hakuna aliyejua, dada. Darasa zima. Nilimwambia mtu mmoja tu, siku ya Jumanne, kwa simu.

DADA: Sasa unataka kusema nini?

KIRANJA: Jana nilikuja kwenye semina yako. Ile ya kutusaidia tuzoee chuo. Nilikaa nyuma kabisa.

DADA: Si ulisema huji?

KIRANJA: Nilibadili mawazo. Nilitaka nikuone ukiongea mbele za watu.

DADA: Sikutaja jina.

KIRANJA: Ulisema kiranja mkuu wa zamani, anayechomekea shati mpaka Jumapili. Ukumbi mzima uligeuka.

DADA: Mfano tu ule! Semina bila mfano watu wanasinzia—

KIRANJA: Hawakusinzia. Walipiga makofi.

DADA: Haya, na wewe usinune kama mtoto. Watu wakikucheka, cheka nao, yanaisha.

KIRANJA: Nilicheka.

DADA: Sikiliza—

KIRANJA: Salio la watu linaisha. Eti, fomu ya kuahirisha masomo inachukuliwa wapi? Kamati yenu itakuwa inajua.

DADA: Ya kuahi— we! Una wazimu? Mama atapandwa na presha! Utamwambia nini?

KIRANJA: Utamwambia wewe. Kusimulia unajua.

DADA: Usinijibu hivyo, mimi ni— [mtandao unakwaruza] …hapo hapo, umenisikia? Usiende popote! Nakuja. Kikao wataendelea wenyewe. Nitaongea na hao wenzako mimi mwenyewe, hata kwa kuwapigia magoti. Sasa hivi ni saa nane na nusu, muda upo. Uko bweni lipi?

KIRANJA: Wiki ya sita hii tangu nihamie humu, dada.

DADA: Najua, najua, lakini bweni lipi? … Haloo? … Haloo?