Kigari Kisikae Eda

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka kitandani, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Sufiani, wewe mkubwa, kaa hapa kuliani kwangu. Yasmini, mshike mkono mama yako, Bimdogo wangu, asilie kwanza, machozi yana wakati wake.

Nyumba hii na duka vigawanywe kama sheria ya dini ilivyopanga, hapo sina la kuongeza. Langu ni kile kigari chekundu kilichoko uani, kifupi, milango mitatu, kilichowatoa jasho vijana wa Dar na magari yao makubwa katika mbio za vumbi kule Kiwangwa. Hicho nataka kiwe cha Yasmini. Lakini wosia kwa mrithi hausimami mpaka warithi wenziwe waridhie. Mama yenu ameshakubali, kwa hiyo, Sufiani, shauri liko kwako: ukikataa, kitauzwa mgawane, na atakayekinunua atakwenda kukibebesha magunia.

Najua umekasirika. Tangu dada yako alipong'oa viti vya nyuma kupunguza uzito hamsemezani, mnapishana ukumbini kama wapangaji, na jambo hilo linaniuma kuliko maradhi haya. Wewe ni fundi, hakuna injini iliyokushinda, nami najivunia. Ila ukishika usukani unakanyaga breki kama unaua nge. Yeye huingia kona kwa subira, akatoka nayo mbio. Kigari kinawataka nyote, wewe chini yake, yeye ndani yake.

Na jana nimesikia umekifunika turubai, ati kwa heshima yangu. Baba yangu alipofariki, wajomba walilifunika gari lake vivyo hivyo mpaka mama alipotoka eda. Walipolifunua, unyevu wa chumvi ulionaswa mle ndani ulikuwa umeitafuna milango, kidole kinapenya. Mama yenu atakaa eda, ni wajibu wake. Kigari kisikae.

Upepo wa bahari ukishavuma, kimwagieni maji baridi kwanza, hasa chini na kwenye matao ya magurudumu, kabla kitambaa hakijagusa rangi, maana mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Ndipo sabuni, kuanzia paani kushuka, na nta mwisho. Mafuta ya breki yamwageni yote mtie mapya kabla ya kila mbio, kwani ya zamani yakichemka mguu unazama patupu. Nati za magurudumu azikaze Sufiani, na Yasmini asiwashe mpaka amuulize kwa mdomo wake, "Kaka, umekaza?", naye ajibu. Matanga yakishaanuliwa, nendeni Kiwangwa mkashindane, na mtashinda, sina wasiwasi.

Haya, Sufiani, unaridhia? Mbona unainuka... Mwacheni. Yasmini, usimwite.

Nipeni maji kidogo. Alhamdulillahi.

Nyamazeni... mnasikia? Turubai hilo, linaburutwa. Eeh. Na sasa injini inakohoa... inakohoa... imeshika. Hapo umenijibu, baba. Radhi zangu ziwe juu yenu, Mungu awafungulie njia, awaepushe na shari za barabara na za ndimi zenu.

Nenda, Yasmini, kaka yako atakupisha kiti... nenda, mama. Na hilo dirisha... msilifunge, nisikie mnavyotoka.